Beki Hatengenezwi kwa Msimu Mmoja

Msimu wa 2023/24 ulipofika tamati, mji wa Geita uliumia mara mbili. Geita Gold ya wanaume, iliyokuwa Ligi Kuu tangu 2021, ilishuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar. Dada zao wa Geita Gold Queens, waliokuwa miongoni mwa timu 10 za Ligi Kuu ya Wanawake msimu huohuo, nao hawakuwamo kwenye ligi iliyofuata. Anguko la wanaume lilizungumzwa mpaka kwenye vijiwe vya bodaboda. La wanawake lilipita kama halikutokea.

Katika kikosi cha wanawake kinachopotea hivyo, anayepoteza zaidi ni beki. Mshambuliaji ana mabao yake. Orodha ya wafungaji inamtangulia kila aendako, na kocha wa timu nyingine akiisoma tu anajua amwite nani. Beki wa kati hana orodha. Kazi yake hupimwa kwa mambo ambayo hayakutokea: krosi iliyokatwa kabla ya kumfikia mtu, fowadi aliyesukumwa pembeni taratibu mpaka akakosa pembe ya kupiga. Anayetaka kuyaona hayo lazima akutazame mechi nyingi. Na wewe mwenyewe huwezi kuyajua mpaka uwe umekabana na mafowadi wazuri wiki baada ya wiki, ukapitwa, ukajua ulipitwa wapi, ukarudi Jumamosi inayofuata. Ndiyo maana historia ya beki wa kike wa Tanzania ni historia ya ligi: ilipokuwapo alikuwapo, na pale isipofika hafiki.

Ukanda wa Shinyanga na Geita haujawahi kukosa fedha za mpira. Almasi iligunduliwa Mwadui mwaka 1940 na Mkanada John Williamson, mgodi ukazaa mji, na mji ukazaa klabu. Mwadui FC ilirudi Ligi Kuu mwaka 2015 ikiwa na kocha Jamhuri Kihwelo, "Julio", ikakaa hadi 2021. Shinyanga mjini, watu wa stendi ya mabasi walianzisha Stand United, "Chama la Wana", iliyopanda mwaka 2014. Mwaka uliofuata kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikichimba dhahabu Bulyanhulu na Buzwagi wilayani Kahama, iliidhamini. Udhamini ule uliishia katika mgogoro wa nani mwenye timu, na mwaka 2019 Stand ikashuka. Kisha ikaja zamu ya Geita, ambako mgodi mkubwa wa GGML ulianza uzalishaji mwaka 2000. Kwa msaada wa mgodi huo, Geita Gold ilimaliza ya nne katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, na timu ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika kukutana na Hilal Alsahil ya Sudan.

Ni mafanikio ya kweli, na watu wa kanda hii wana haki ya kujivunia. Lakini timu zote tatu ni za wanaume. Ligi Kuu ya Wanawake ilipoanza msimu wa 2016/17 kwa timu 12 katika makundi mawili, Kanda ya Ziwa iliwakilishwa na Marsh Academy ya Mwanza na Kagera Queens. Shinyanga, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa na timu mbili za wanaume Ligi Kuu kwa wakati mmoja, haikuwa na hata moja ya wanawake. Geita vilevile.

Kabla ya ligi hiyo, beki wa kike alijitengeneza mwenyewe. Mfano mkubwa ni Sophia Mwasikili, nahodha wa timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ya mwaka 2010, kizazi cha kwanza cha Watanzania kufuzu fainali za Afrika za wanawake. Kocha alikuwa Charles Boniface Mkwasa. Waliitoa Ethiopia, wakaifunga Eritrea mabao 8-1 nyumbani, wakatoka nayo sare ya 3-3 ugenini, na Oktoba 2010 wakatua Afrika Kusini. Huko walifungwa mechi zote tatu: 2-1 na wenyeji, 3-2 na Mali, 3-0 na Nigeria. Walifungwa manane, wakafunga matatu.

Wengi waliyasoma matokeo yale kama aibu. Mimi nayasoma kwa namna nyingine. Mechi mbili kati ya tatu zilipotea kwa tofauti ya bao moja, na waliozicheza ni wanawake waliotoka katika nchi isiyokuwa na ligi ya taifa ya wanawake, ambao mechi ngumu walizipata kwa kubahatisha: bonanza, mashindano ya mkoa, kambi ya wiki chache. Moyo na nguvu walikuwa navyo. Kilichopungua ni dakika za mechi. Safu ya ulinzi hujifunza kwa pamoja. Wanne hao wanapaswa kujua bila kuambiana nani anapanda na nani anabaki, na ujuzi huo haupatikani kambini. Wenyeji wao walikuwa na Janine van Wyk, beki aliyeingia timu ya taifa ya Afrika Kusini mwaka 2005, akaendelea mpaka akapita mechi 180, na mwaka 2012 akaanzisha klabu yake mwenyewe ya wanawake. Mwasikili, baada ya safari ile, alipata nafasi ya kucheza Uturuki. Ukizingatia alikotokea na alivyokosa, naliona hilo ni jambo kubwa kuliko lilivyoandikwa wakati ule.

Halafu ikaja ligi, na matunda yake hayakuchelewa. Ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati, CECAFA, ambao Twiga Stars waliutwaa huko Jinja mwaka 2016 kwa kuifunga Kenya 2-1, muda mfupi kabla ya ligi kuanza, waliutetea Kigali mwaka 2018, na mwaka 2021 wakaenda kama wageni kwenye kombe la kusini mwa Afrika, COSAFA, wakalichukua kwa kuifunga Malawi 1-0 kwenye fainali, bao la Enekia Kasonga. Fainali iliyoisha bila kuruhusu bao ni kazi ya mabeki, ingawa jina lililobaki vinywani mwa watu ni la mfungaji.

Katika kizazi hicho yumo Julietha Singano, beki wa kati aliyezaliwa 2001. Mwaka wa fainali za Afrika Kusini alikuwa mtoto wa miaka tisa; ligi ilipoanza alikuwa na miaka 15. Umri wake ulikutana na ratiba. Alikuwa Simba Queens, klabu iliyochukua ubingwa mara tatu mfululizo kuanzia msimu wa 2019/20, na katika ligi ile JKT Queens na Yanga Princess hawakumpa beki yeyote nafasi ya kusinzia. Mwaka 2022 alisajiliwa na FC Juárez ya Mexico, klabu ya mji wa mpakani unaotazamana na El Paso ya Marekani. Ligi ya wanawake ya Mexico ilianza 2017, mwaka mmoja tu baada ya yetu, lakini inachezwa mbele ya maelfu na kwa mishahara inayoweza kumtunza mchezaji. Baadaye wengine nao walipita njia hiyohiyo ya Mexico, Opa Clement na Enekia wakiwamo. Kwamba aliyetangulia alikuwa beki ni jambo la kutia moyo sana: mtu alimtazama muda wa kutosha akaona thamani yake bila kuhesabu mabao.

Mwishoni mwa 2023 Twiga Stars waliitoa Togo na kurudi fainali za Afrika baada ya miaka 13, chini ya kocha Bakari Shime, na Julai 2025 wakacheza Morocco. Mali iliwafunga 1-0. Afrika Kusini, wakiwa mabingwa watetezi, walitoka nao sare ya 1-1. Ghana iliwafunga 4-1, na usiku ule ulinzi ulichoka. Lakini ukiweka 2010 na 2025 kando kwa kando, dhidi ya Mali na Afrika Kusini ileile, tulifungwa matano katika mechi mbili za mwanzo na mawili katika mechi mbili za pili. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya ligi.

Sasa rudi ukanda wa Shinyanga na Geita: Kahama, Bukombe, Nyarugusu, Katoro. Msichana wa huko mwenye mguu na kichwa cha beki alipitia wapi? Kwa kawaida Mwanza. Michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, ilichezwa kwa miaka kadhaa katika Chuo cha Ualimu Butimba, na hapo makocha waliwaona wasichana wa mikoa yote. Klabu ya Alliance Girls, iliyozaliwa ndani ya shule za Alliance jijini humo, imewapitisha wengi, Aisha Masaka akiwa mmojawapo kabla ya kwenda Yanga Princess na hatimaye Sweden na Uingereza. Mwanza imeifanyia kanda nzima kazi kubwa. Ila kuondoka nyumbani ukiwa na miaka 14 kwenda kulelewa na klabu ni uamuzi wa familia, na katika ukanda huu familia nyingi, wakati huohuo, zinakuwa na uamuzi mwingine mezani.

Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2010 ulionyesha kuwa Shinyanga, kabla haijagawanywa na Bukombe kuhamia Geita, iliongoza nchi nzima kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha ushindi huo Oktoba 2019. Na mpaka Novemba 2021, msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi shule ya serikali. Kwa wengi shule ndiyo ilikuwa timu pekee waliyokuwa nayo.

Umri huo, 14 hadi 18, ndio beki anapojengwa. Kabla yake anakimbia tu na wenzake kwenye chandimu. Baada yake mwili umeshakomaa na makosa yamekuwa tabia. Ni katika miaka hiyo anajifunza kutazama nyonga za fowadi badala ya mpira, kuchagua wakati wa kuvaa na wakati wa kurudi nyuma, kuzungumza na kipa. Wazazi wanapopewa ng'ombe wa mahari katika mwaka huohuo ambao kocha wa shule anaomba binti aende mashindano ya mkoa, shindano halina usawa. Siwalaumu wazazi peke yao. Ng'ombe wanaonekana. Mshahara wa beki wa kike, hadi juzi, hapakuwa na mtu Shinyanga aliyewahi kuuona.

Ndiyo maana Geita Gold Queens walikuwa na maana kubwa kuliko nafasi yao kwenye msimamo. Kwa mara ya kwanza ukanda huu ulikuwa na timu ya Ligi Kuu ya Wanawake yenye jina lake. Msichana wa Mgusu aliweza kusema anataka kuchezea Geita, na mzazi akaelewa Geita iko wapi. Simba Queens, JKT Queens na Yanga Princess walikuwa kwenye ratiba, yaani mafowadi bora wa nchi, shule ambayo beki hawezi kuipata kwa fedha. Kanuni za leseni za CAF zinazitaka klabu za wanaume zinazoshiriki mashindano yake ziwe na timu ya wanawake, na kanuni hizo zimesukuma klabu nyingi Afrika. Ila timu inayoning'inia kwenye klabu ya wanaume huanguka nayo ikiteleza. Bunda Queens ya Mara walicheza msimu uleule na wakabaki Ligi Kuu, na Bunda haina mgodi wa ukubwa wa GGML. Fedha peke yake, basi, si jibu.

Bado fedha zina kazi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, migodi inapaswa kukubaliana na halmashauri mpango wa kila mwaka wa huduma kwa jamii. Mipango hiyo imejenga madarasa na zahanati, na Geita mjini hata uwanja wa mpira. Halmashauri za Geita, Bukombe, Msalala na Kahama zinaweza kuandika humo ligi ya wasichana chini ya miaka 17, yenye mechi kuanzia Februari hadi Oktoba, mwalimu mmoja wa mpira wa wanawake kila tarafa, na nauli. Sidhani gharama yake itazidi usajili wa mchezaji mmoja wa kigeni wa timu ya wanaume. Ligi hiyo iwe na hesabu yake na viongozi wake, ili wanaume wakishuka tena isishuke nao.

Mkoa wa Geita ulianzishwa Machi 2012. Msichana aliyezaliwa humo mwaka huo anatimiza miaka 14 mwaka 2026, mwaka mmoja chini ya umri aliokuwa nao Singano ligi ilipoanza. Njia ya Mwanza imekuwa nyepesi: tangu Juni 2025 basi linapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi badala ya kungoja kivuko. Mechi za kuchezwa upande huu wa daraja ndizo ambazo halmashauri hazijaziandika bado, na bajeti za mwaka wa fedha hupangwa kabla ya Julai.