Mwenye Mashine ni Nani?

Laptopu yangu ya kwanza niliinunua Luthuli Avenue, Nairobi. Ilikuwa ex-UK, bei ya mtu aliyeacha chuo. Wiki ya pili ikaanza vituko: kila nikiiwasha, tarehe inarudi Januari mosi 2012, na kivinjari kinakataa kufungua tovuti, ati muunganisho si salama. Nikaipeleka mtaa ule ule, kwa fundi wa ghorofani ambaye meza yake inatosha laptopu mbili na kikombe cha chai.

"Betri ya CMOS imekufa, bosi. Kitu kidogo tu."

Akafungua skrubu, akatoa betri ya CR2032, saizi ya sarafu, akaweka mpya. Kisha akawasha huku akibonyeza F2 mfululizo. Kabla ya Windows kuamka, ikatokea skrini ya kijivu: kiasi cha kumbukumbu, diski, saa, mpangilio wa kuwasha. Kwa kuwa tayari tuko hapo, nikamwomba aiambie mashine ianzie kwenye flashi ndio niweke Linux. Ikadai paswadi. Kusoma tungeweza kusoma kila kitu, lakini kubadilisha, hapana. Na chini kabisa, kwenye nafasi ya nambari ya mali, kulikuwa na namba ya stoo ya kampuni fulani ng'ambo.

"Umeinunua," fundi akasema, "lakini bado ni yao."

Hiyo kauli ilinikera mpaka nikaanza kusoma.

Jina BIOS lilitoka kwa Gary Kildall, Mmarekani aliyeandika mfumo wa CP/M miaka ya 1970. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na vifaa tofauti tofauti, kwa hivyo alitenga sehemu ndogo ya programu iongee na vifaa. Ukihamia mashine nyingine, unaandika upya sehemu hiyo peke yake.

IBM walipotoa PC yao Agosti 1981, waliiweka BIOS ndani ya chipu, kilobaiti 8 tu. Skrini ya mipangilio haikuwepo. Ukiongeza kumbukumbu au ukibadilisha aina ya skrini, ulifungua boksi na kusogeza vijiswichi kwenye bodi kwa ncha ya kalamu. Mwenye bisibisi ndiye aliyekuwa na usemi.

Mwaka 1984 ikaja PC AT, na ndani yake chipu ya saa ya Motorola yenye baiti 64 za kumbukumbu, zinazolindwa na betri. Saa na mipangilio vikaanza kulala chumba kimoja. Kumbe ndiyo maana betri yangu ilipokufa, laptopu ilisahau mwaka. Programu ya kubadilisha mipangilio ilikuja kwenye disketi, ukiipoteza, pole. Baadaye watengenezaji wa BIOS wakaiingiza kwenye chipu yenyewe, ukawa unaiita kwa kitufe kama F2.

Lakini vita vyenyewe vilikuwa kwingine. Sehemu nyingi za PC ya IBM zilinunulika na yeyote. BIOS ndiyo iliyokuwa kufuli. IBM walichapisha msimbo wake wote kwenye kitabu cha mafundi, lakini ulikuwa na hakimiliki: kuusoma ruhusa, kuunakili kesi. Compaq, kampuni changa ya Houston, wakagawa watu wao. Kundi moja likasoma msimbo na kuandika kila kazi unayofanya. Kundi la pili, ambalo halikuwahi kuuona, likaandika BIOS mpya kutokana na maelezo hayo. Mwaka 1983 Compaq waliuza bidhaa za dola milioni 111. Eagle na Corona walishtakiwa na IBM kwa kunakili. Kisha 1984 Phoenix wakaanza kuuza BIOS yao, iliyoandikwa kwa ujanja huo huo, kwa kampuni yoyote iliyotaka kutengeneza kompyuta. Laptopu yangu ni kitukuu cha mlango huo uliofunguliwa.

Sasa, kufuli ya IBM ikavunjwa, halafu kila mashine ikapewa kufuli yake: paswadi. Kwenye kompyuta nyingi za zamani, ukitoa betri paswadi inafutika. Laptopu nyingi za maofisi huiweka kwenye chipu isiyohitaji betri, ndiyo maana yangu ilibaki hata baada ya betri mpya. Na kuacha mlango wazi kuna gharama: tarehe 26 Aprili 1999, kirusi cha CIH kiliandika takataka juu ya chipu za BIOS, na mashine ambazo chipu zao ziliharibiwa zikashindwa kuwaka.

Nikarudi kwa fundi. Akaniambia anaweza kuisoma ile chipu kwa kifaa chake na kuifuta paswadi.

"Lakini lete risiti kwanza."

Nilitaka kuudhika. Halafu nikakumbuka ni wangapi nawajua walionyang'anywa laptopu kwa matatu au kuvunjiwa nyumba. Kufuli iliyonizuia mimi ndiyo ingemzuia aliyewaibia, na fundi ndiye aliyebaki kutuchagua kati yetu. Nikampa risiti. Akaisoma polepole, akailinganisha na namba iliyo chini ya laptopu, ndipo akachukua bisibisi.

Jioni hiyo niliweka Linux, nikafuta ile namba ya stoo, kisha nikaweka paswadi yangu. Nimeiandika nyuma ya risiti. Siku nitakayoiuza, nitaiondoa kwanza.