Majitu ya biashara yaanguka, duka la kadogo ladumu Riruta

Riruta ni mtaa ulioko magharibi mwa jiji la Nairobi, katika eneobunge la Dagoretti Kusini. Biashara yake nyingi imejipanga kandokando ya Barabara ya Naivasha, inayoanzia Dagoretti Corner na kupitia Satellite kuelekea Uthiru. Humo mna vibanda vya mboga, buchari, wauza mitumba na maduka ya rejareja yenye madirisha ya vyuma.

Sifa kuu ya ununuzi hapa ni kipimo. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku: sukari robo, mafuta ya kupikia ya kupimiwa, kipande cha sabuni, sukuma wiki iliyokwisha kukatwa, maharagwe kwa gorogoro. Wakenya huuita utaratibu huu kadogo. Aghalabu bidhaa iliyogawanywa hivyo huwa ghali kwa kila kilo kuliko pakiti nzima, na anayeumia ni yule asiyeweza kulipa kwa mkupuo. Hata hivyo, mwenye duka hutoa kitu ambacho supamaketi haitoi: deni la kuandikwa daftarini, bila dhamana. (Kibao cha kuonya kwamba hakuna kukopeshana hutundikwa katika maduka mengi, na mara nyingi daftari lenyewe liko chini yake.)

Wenye kipato kikubwa zaidi huelekea Barabara ya Ngong. Huko kuna Adams Arcade, kituo cha maduka cha tangu miaka ya 1950, na Junction, jumba lililofunguliwa miaka ya 2000. Duka kuu la Junction lilikuwa Nakumatt, kampuni iliyoanzia Nakuru kwa kuuza magodoro.

Ukubwa haukuwa kinga. Uchumi, iliyoasisiwa mwaka 1975, ilifunga milango Juni 2006 kabla ya kufufuliwa, kisha ikayumba tena. Nakumatt ilianza kubaki na rafu tupu mwaka 2017, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Tuskys ilifuata njia hiyo hiyo. Kiini kilikuwa kimoja: upanuzi wa haraka uliogharimiwa kwa madeni, yakiwemo ya wauzaji waliokwisha kuleta bidhaa na wakangoja malipo yasiyofika. Daftari la Riruta huwa na mamia ya shilingi. La supamaketi lilikuwa na mabilioni. Nafasi zilizoachwa ziligawanywa kati ya Naivas, Quickmart na Carrefour, iliyoingia Kenya mwaka 2016.

Duka dogo nalo limebadilika. M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, imepunguza shida ya chenji, na marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilirejesha vifungashio vya karatasi. Bidhaa zenyewe bado hutoka katikati ya jiji: nafaka Nyamakima, vyombo Kamukunji, mboga Marikiti, ambako wachuuzi hufika kabla ya mapambazuko ili warudi na magunia yao kabla nauli haijapanda.