Prosesa Iliyopita Kasindi

Ukiwa Luofu, kusini mwa Lubero, huko Kivu nchini Kongo, bidhaa ya mbali huulizwa Butembo. Wafanyabiashara wa Kinande walioujenga mji huo walianzia mboga, kahawa na dhahabu. Kufikia miaka ya 1990 walikuwa wakiagiza makontena kutoka Dubai, Hong Kong na Guangzhou, yakishushwa Mombasa, yakavuka Uganda na kuingia Kongo kupitia Kasindi.

Kivu nayo ilikuwa ikituma kitu ng'ambo. Mwaka 2000 bei ya madini ya koltani ilipaa duniani, kisha 2001 ikaporomoka. Tantali itokanayo nayo hutengeneza kapasita ndogo za simu na kompyuta. Inauma kwamba madini yaliyochimbwa kwa sururu hurudi yakiwa mashine ambayo mchimbaji hawezi kuinunua.

Ndiyo maana bei ya prosesa ya kompyuta, nayo ikiwa bidhaa ya mbali, ina uzito huku.

Kwa mpenda michezo ya kompyuta mwenye pesa kidogo anayetaka kubadilisha prosesa, gharama kubwa mara nyingi imefichwa kwenye ubao mkuu ambao prosesa huchomekwa. Mwaka 2017 prosesa mpya za Intel za kizazi cha 8 zilihitaji mbao mpya, ingawa soketi ilionekana ileile. Mwaka huohuo AMD ilileta Ryzen kwenye soketi ya AM4, na 2022 bado ilitoa Ryzen 5 5600 na Ryzen 7 5800X3D za soketi hiyo. Mbao nyingi za 2017 huzipokea baada ya kusasishwa programu yake ya BIOS. Mwenye ubao kama huo anunuapo 5600 hubakiza ubao wake, kumbukumbu zake za DDR4 na, mara nyingi, hata feni yake.