Ufunguo wa siri unaotengenezwa hadharani

Mwaka 1963, Washington na Moscow zilipounganishwa kwa mtambo wa maandishi, funguo za kuficha ujumbe hazikupitia kwenye waya huo. Zilikuwa kwenye kanda, na kila upande ulizifikisha kupitia ubalozi wake. Aliyetaka kuongea kwa siri na wa mbali alihitaji kwanza mjumbe mwaminifu.

Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha njia ya kupatana ufunguo bila mjumbe. Ralph Merkle, akiwa mwanafunzi, alikuwa na wazo la karibu na hilo tangu 1974. Mwaka 1997 Uingereza nayo ikafichua kwamba James Ellis, Clifford Cocks na Malcolm Williamson wa idara yake ya ujasusi, GCHQ, walikwisha kufika huko, ila kazi yao ilifungiwa kabatini.

Hesabu yenyewe ni hii. Asha na Juma wanakubaliana mbele za watu namba 2 na 13. Asha anaficha 4: mbili kwa kipeo cha 4 ni 16, ukigawa kwa 13 inabaki 3. Anaitangaza 3. Juma anaficha 5: anapata 32, baki 6, naye anaitangaza. Asha anaipa 6 kipeo cha 4, Juma anaipa 3 kipeo cha 5, kila mmoja anagawa kwa 13. Wote wanabaki na 9, namba ambayo hakuna aliyeitamka. Kwenye simu namba ni kubwa mno, kiasi kwamba msikilizaji hawezi kurudi nyuma na kuzipata zilizofichwa.

Ikabaki hatari moja: mtu akijipenyeza katikati, atapatana ufunguo na Asha akijifanya Juma, na kwa Juma akijifanya Asha. Mtaalamu wa kuficha ujumbe Phil Zimmermann, katika mfumo wake wa simu wa ZRTP wa mwaka 2006, aliwataka wanaopigiana simu wasomeane kwa sauti alama chache zinazotokana na ufunguo wao. Zikitofautiana, kuna mtu kati yao.

WhatsApp, iliyokamilisha usimbaji, yaani kufichwa kwa ujumbe wote, mwaka 2016 kwa kutumia mfumo wa usimbaji wa Signal, inakupa tarakimu 60 za kulinganisha na mwenzako kwa kazi hiyohiyo. Wengi hatujawahi kuzifungua. Basi ukikutana na mtu unayemtumia mambo ya fedha, ugonjwa au kesi, zilinganisheni. Na ukiarifiwa kwamba namba hizo zimebadilika, mpigie kwanza, umsikie, ndipo umtumie siri yako.