Mtoto mkimbizi aliyeuza programu kwa jina la mwanaume

Tukizungumza juu ya watu waliojenga kampuni za kompyuta, majina yanayokuja mdomoni ni ya wanaume wa Marekani. Leo ninawaletea jina la mama mmoja wa Uingereza, Stephanie Shirley, aliyefariki mwezi wa 8 mwaka 2025 akiwa na miaka 91. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yalianza kama yanavyoanza kwa watoto wengi wanaotusikiliza leo kutoka nyumba zisizo zao. Alikuwa mtoto mkimbizi, bila baba wala mama karibu naye.

Alizaliwa mwaka 1933 katika mji wa Dortmund, Ujerumani, na jina lake la kwanza lilikuwa Vera Buchthal. Huo ndio mwaka Hitler alishika utawala. Baba yake alikuwa hakimu, lakini kwa kuwa alikuwa Myahudi alifukuzwa kazini. Mama yake hakuwa Myahudi. Alikuwa mtu wa Vienna, Austria. Familia ilihamahama mpaka ikafika Vienna, ikidhani pale ni salama. Mwezi wa 3 mwaka 1938 jeshi la Ujerumani likaingia Austria pia. Mwezi wa 11 mwaka huohuo sinagogi zikachomwa moto na maduka ya Wayahudi yakavunjwa katika inchi zote mbili.

Baada ya usiku ule serikali ya Uingereza ilikubali kupokea watoto wenye chini ya miaka 17. Watoto peke yao, bila wazazi. Na haikuwa bure: baada ya miezi michache, kila mtoto alihitaji mtu wa kumwekea dhamana ya pauni 50, ili asije kuwa mzigo kwa serikali. Pauni 50 wakati ule zilikuwa feza nyingi, na aliyezitoa mara nyingi hakumjua mtoto hata kwa sura. Kwa njia hiyo watoto karibu 10.000 waliingia Uingereza kabla vita haijaanza mwezi wa 9 mwaka 1939. Wengi wao hawakuwaona tena wazazi wao.

Vera alipanda treni Vienna mwezi wa 7 mwaka 1939. Alikuwa na miaka 5. Aliyemshika mkono alikuwa dada yake Renate, mwenye miaka 9. Kila mtoto alivaa shingoni karatasi yenye namba. Walishuka London katika kituo cha Liverpool Street, kati ya watu ambao lugha yao hawakuielewa.

Waliowapokea ni bwana Guy Smith na mke wake Ruby, watu wa Sutton Coldfield katikati ya Uingereza, ambao hawakuwa na watoto. Vera aliwaita mjomba na shangazi, na kwa maneno yake mwenyewe hao ndio waliomlea. Wazazi wake wa damu waliokoka wote wawili na aliwaona tena. Lakini uhusiano haukurudi kama zamani. Mama Shirley alilisema jambo hili waziwazi hata alipokuwa mzee, na ninaliweka hapa makusudi. Huku kwetu, shirika likimrudisha mtoto aliyepotezana na wazazi wake, tunapiga picha, tunashangilia, kisha tunaondoka. Kinachofuata ndani ya nyumba ile, mtoto akimtazama mama yake kama mgeni, hatukirudii tena. Mtoto wa namna hiyo hana adabu mbaya. Ni safari ndefu, na kwa wengine haimaliziki.

Baadaye alisoma Oswestry, mji mdogo wa vijijini karibu na mpaka wa Wales. Alipenda hesabu kupita vitu vyote. Shida ni kwamba shule ya wasichana pale haikufundisha hesabu za kiwango alichotaka. Baada ya kupimwa, akapewa ruhusa ya kwenda kufuata somo hilo kwenye shule ya wavulana. Ninawaomba walimu walio na watoto wahamaji darasani walitazame tendo hilo dogo. Hakuna mradi uliofunguliwa wala semina iliyofanyika. Ilikuwa ruhusa tu, msichana mmoja kuingia mlango usio wake saa ya hesabu, na bila ruhusa hiyo pengine leo tusingekuwa na habari ya kusimulia.

Hakwenda chuo kikuu, kwa sababu sayansi pekee ambayo wasichana walifunguliwa wakati wake ilikuwa ile ya mimea. Akiwa na miaka 18 alipata uraia wa Uingereza, akachukua jina la Stephanie Brook, na akaanza kutumika katika kituo cha utafiti cha posta huko Dollis Hill, London. Msishangae posta kuwa na utafiti. Pahali pale ndipo ilipotengenezwa mashini ya Colossus wakati wa vita, iliyosaidia kufungua siri za jeshi la Ujerumani. Stephanie alijifunza kuunda kompyuta tangu mwanzo na kuziandikia maagizo. Mchana kazi, jioni masomo, kwa muda wa miaka 6, mpaka akapata digrii ya hesabu. Mwaka 1959 aliolewa na Derrick Shirley, mtu wa fizikia, na akahamia kampuni moja iliyochora mipango ya kompyuta. Huko kazini wanaume walimshika bila ruhusa yake na kumsukuma ukutani, na mawazo yake yalikatwa kwa kuwa ni ya mwanamke.

Mwaka 1962 akaondoka na kuanzisha kampuni yake, Freelance Programmers, nyumbani kwake, kwa mtaji wa pauni 6.

Watu walicheka, na tuelewe kwa nini. Programu ni maagizo yanayoiambia mashini ifanye nini, hatua kwa hatua. Wakati ule aliyenunua kompyuta alipewa programu bure pamoja nayo, kama kopo linavyokuja na kifuniko chake. Nani atanunua kifuniko peke yake? Tena kutoka kwa mwanamke? Lakini Shirley alikuwa ameona jambo ambalo wengine hawakuliona. Inchi nzima ilikuwa na wanawake waliojua hesabu na kompyuta, ambao waliacha kazi siku walipoolewa au kuzaa mtoto wa kwanza. Walikuwa nyumbani na akili zao zote, na hakuna aliyewaita.

Yeye aliwaita. Swali moja aliloliuliza kila aliyeomba kazi lilikuwa kama ana telefone nyumbani. Mama aliketi na penseli na karatasi, mtoto akilala, akaandika programu mstari kwa mstari. Karatasi zilitumwa kwa posta pahali penye kompyuta, kwani hakuna aliyekuwa na mashini nyumbani. Ili mteja kwenye telefone asisikie mtoto akilia, Shirley alifungua kanda aliyorekodi sauti ya mashini ya kuandikia, ionekane kama biro kubwa yenye watu wengi.

Barua zake za kutafuta kazi hazikujibiwa. Ndipo mume wake akamshauri atie sahihi kwa jina la Steve, ambalo ni la kiume. Majibu yakaanza kuja. Na mpaka mwisho wa maisha yake marafiki walimwita Steve.

Alikumbusha pia kwamba katika siku zile hakuweza kufungua konti ya benki bila ruhusa ya mume wake. Asiseme mtu kwamba hayo ni ya Wazungu na ya zamani. Sheria yetu ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa kila jambo la kisheria linalomfunga. Ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 2016 tu, sheria iliporekebishwa. Mama anayeuza unga sokoni na kuambiwa arudi na mume wake ndipo afungue konti, ajue kwamba sheria haisemi hivyo tena.

Katika wafanyakazi 300 wa kwanza wa Shirley, 297 walikuwa wanawake. Walifanya kazi kubwa, ikiwemo programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde, kile kinachorekodi habari za safari. Mwaka 1975 Uingereza ikapitisha sheria ya kukataza ubaguzi kati ya wanaume na wanawake kazini, na kampuni iliyofungulia wanawake mlango ikalazimika kuacha kuwapendelea. Wanaume wakaingia kwa wingi zaidi.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Kampuni ilibadilisha jina mara kadhaa, ikaingia kwenye soko la hisa la London mwaka 1996, na mwaka 2007 ikanunuliwa na kampuni ya Ufaransa, Steria. La maana kwangu ni kwamba kabla ya hapo Shirley aliweka zaidi ya robo ya kampuni mikononi mwa wafanyakazi bila wao kulipa kitu. Watu 70 kati yao wakawa mamilionea.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Mtoto wake wa pekee, Giles, alizaliwa mwaka 1963, akaanza kusema vizuri, kisha maneno yakapotea yote. Alikuwa na usonji, hali ambayo wengi huku bado wanaiita laana na kumficha mtoto chumbani. Kwa miaka mingi mama huyu aliongoza kampuni mchana huku akibeba mzigo huo, mpaka yeye mwenyewe akaanguka na kulazwa. Giles alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 35.

Mwaka 1999 ikafunguliwa Prior's Court, shule ya watoto wenye usonji iliyojengwa kwa feza za Shirley. Kwa jumla alitoa karibu pauni milioni 70 maishani mwake, nyingi zikienda kwa watoto kama Giles na kwa utafiti wa hali yao. Alipoulizwa kwa nini anatoa hivyo, alirudi kwenye treni ile ya Vienna: watu wasiomjua walitoa mali yao ili aishi, na alitaka maisha hayo yawe yamestahili kuokolewa.