Palipopakwa Rangi

Kwenye ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, mji wa Frederick, jimbo la Maryland, umepakwa rangi pamoja na vitongoji vilivyoungana nao. Palipopakwa rangi, hupati. Ukipanda na barabara namba 15 kuelekea kaskazini, rangi inakwisha. Thurmont haina rangi, Emmitsburg haina rangi. Siku niliyoitazama ramani hiyo, nyumba ya kule iliweza kununuliwa kwa mkopo unaodhaminiwa na serikali, bila mnunuzi kutoa hata senti ya malipo ya awali.

Mke wangu alipolisikia jina la wizara alicheka. "Baba Watoto, zamu za usiku hazijakutosha, sasa unataka kulima?"

Hakuna kulima. Mkopo huu hata si wa kununulia shamba la biashara. Benki ndiyo inayotoa fedha, wizara inaidhamini hadi asilimia 90, na kipato cha nyumba nzima hakitakiwi kuzidi asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo lile. Sharti jingine ni kwamba uishi humo mwenyewe. Kwa sisi tunaolipa kodi ya pango kila mwezi bila kukosa, na bado tunatuma ada za shule nyumbani, malipo ya awali ndiyo ukuta wenyewe. Kwa hiyo nilitaka kujua nani alichora rangi zile.

Chanzo ni Sheria ya Nyumba ya mwaka 1949, kifungu cha 502. Wakati huo mkopo ulikuwa wa wenye mashamba, na ulitolewa na shirika la serikali la mikopo ya wakulima lililoundwa mwaka 1946. Mwaka 1961 Bunge likawaruhusu watu wa vijijini wasiolima, na hapo ndipo swali gumu likazaliwa: kijiji ni nini? Jibu lilikuwa namba, na namba haikukaa mahali pamoja. Ilianza na watu 2,500. Mwaka 1965 ikawa 5,500, mwaka 1970 ikawa 10,000, na mwaka 1974 ikapanda hadi 20,000, lakini kwa miji iliyo nje ya maeneo ya majiji makubwa tu. Kaunti ya Frederick imehesabiwa ndani ya eneo la Washington, basi huku kipimo ni 10,000, na mahali penyewe pawe na sura ya kijijini. Mji wa Frederick ulivuka watu 78,000 katika sensa ya 2020. Thurmont haijafika hata 10,000. Watu wa Thurmont wanaamka alfajiri kuendesha gari kwenda kazini kwenye miji ileile ninayofanya kazi mimi, lakini kisheria wanalala kijijini.

Dhamana kwa mabenki ilikuja mwaka 1990, na shirika lile la wakulima likavunjwa katika mageuzi ya wizara ya mwaka 1994. Jina lilibadilika, kifungu kikabaki.

Ukifuata ukoo wa shirika hilo kurudi nyuma, unafika kwenye idara iliyoanzishwa mwaka 1935 chini ya Rexford Tugwell, kazi yake kuwahamisha maskini kutoka ardhi iliyochoka. Huku Maryland idara hiyo iliacha alama mbili. Ya kwanza iko milimani Catoctin, juu ya Thurmont, ambako mashamba yaliyochakaa yalinunuliwa yakageuzwa msitu wa mapumziko. Baadaye Roosevelt akachukua kambi moja humo, ile tunayoiita leo Camp David. Ya pili ni Greenbelt, katika kaunti ya Prince George's, mji uliojengwa na serikali, ukapokea wakazi wa kwanza mwaka 1937. Wafanyakazi Weusi walishiriki kuujenga. Kupanga nyumba humo hawakuruhusiwa. Ilikuwa ya Wazungu tu.

Leo nikienda Greenbelt nakutana na watu wa kila rangi kwenye foleni ya duka, na ni rahisi kuona hayo yalikwisha zamani. Hayakwisha haraka. Kwa miongo mingi mikopo ya shirika lile ilipitia kwa ofisa wa kaunti na kamati ya wakulima wa hapohapo, na mkulima Mweusi alijua wanaokaa kwenye kiti ni nani. Mwaka 1982 Tume ya Haki za Kiraia ilitoa ripoti juu ya kupotea kwa wakulima Weusi na kuyataja mashaka juu ya shirika hilo. Mwaka 1997 Timothy Pigford, mkulima wa North Carolina, aliishtaki wizara pamoja na wenzake. Mwaka 1999 mahakama ikaidhinisha suluhu, na malipo yake yalizidi dola bilioni 1. Hiyo ilikuwa mikopo ya kilimo, si ya nyumba. Lakini mlango ulikuwa wa wizara moja.

Namweleza mke wangu haya yote. Ananisikiliza, kisha anauliza swali lake: "Na huko Thurmont, jirani atakuwaje?" Ramani haina rangi ya jambo hilo. Wala mimi sina jibu la kumpa kabla hatujalala huko hata usiku mmoja.

Kinachonishangaza ni kwamba hata rangi zenyewe si za kudumu. Sheria inaviachia vijiji vya zamani vilivyokwisha kukua viendelee kuhesabika hadi watu 35,000, mpaka takwimu za sensa ya 2030 zitoke, mradi vina sura ya kijijini na mikopo ni shida kupatikana. Wanaotaka kununua wanahesabu miaka.

Tunaenda kutazama nyumba mbili Jumamosi. Moja ina kisima, na dalali ametuonya kwamba maji yake lazima yapimwe kabla mkopo haujapitishwa.