The Searchers: Chuki Katika Uso wa John Wayne

Miongoni mwa filamu za kauboi, yaani zile zinazosimulia maisha ya walowezi, wafugaji na wenyeji asilia wa Marekani katika karne ya 19, ni chache zilizozua ubishi kama The Searchers, iliyoongozwa na John Ford na kuonyeshwa kwanza mwaka 1956. Kisa chake, kilichotokana na riwaya ya Alan Le May, kinaanzia Texas mwaka 1868, pale Ethan Edwards, askari wa zamani wa majimbo ya Kusini yaliyoshindwa vitani, anapoanza safari ya miaka mingi kumtafuta Debbie, binti wa ndugu yake aliyetekwa na Wakomanche, kabila la wenyeji asilia. Na kadiri safari inavyorefuka ndivyo inavyobainika kwamba anakusudia kumuua, kwa kuwa machoni pake msichana aliyekulia mikononi mwa maadui si wa ukoo wake tena.

Uigizaji wa John Wayne, ambaye watazamaji walimzoea kama shujaa asiye na doa, ndio unaoipa filamu hiyo uzito wake. Ethan anaifyatulia risasi maiti ya Mkomanche machoni ili roho yake itangetange bila kupumzika, tendo linaloonyesha kwamba anaijua vyema imani ya watu anaowachukia. Baadaye, anapowatazama wanawake weupe waliokombolewa wakiwa wamerukwa na akili, anageuka, kamera inamsogelea, na uso wake uliofunikwa nusu na kivuli cha kofia unatamka yote bila neno. Wayne hakujaribu kumpendezesha mhusika huyo, na kwa hilo anastahili sifa ambayo tuzo za Oscar hazikumpa, kwani filamu yenyewe haikuteuliwa kuwania hata moja.

Hata hivyo, filamu inayoianika chuki haikuepuka kuishiriki. Scar, mkuu wa Wakomanche, aliigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Berlin, huku wapiganaji wake wakiigizwa na Wanavajo, kabila lingine la wenyeji asilia, wa Monument Valley, bonde lililo mpakani mwa Arizona na Utah, mbali na Texas. Mbaya zaidi ni tukio la Look, mwanamke ambaye Martin Pawley, kijana anayesafiri na Ethan, anamwoa bila kujua akidhani ananunua blanketi: teke ambalo Martin anampiga hadi akabiringika mteremkoni liliwekwa ili kuchekesha, na baadaye Look huyohuyo anakutwa ameuawa na askari wa farasi.

Mwishoni Ethan anambeba Debbie mikononi na kumrudisha kwa walowezi. Maisha halisi hayakuwa na mwisho kama huo: Cynthia Ann Parker, ambaye kisa chake hutajwa kuwa chimbuko la riwaya hiyo, alitekwa na Wakomanche mwaka 1836 akiwa mtoto, akazaa watoto miongoni mwao, akiwemo kiongozi Quanah Parker, na aliporudishwa kwa nguvu mwaka 1860 alijaribu zaidi ya mara moja kutoroka ili awarudie Wakomanche.